Ioni Isiyokaa

Tuseme ungeweza kufika kwenye moja ya mawingu meusi yaliyotanda kati ya nyota, ukakinga humo dumu la lita 10 na kulifunga. Ungekuwa umepata molekuli za hidrojeni zipatazo milioni 100. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka uikumbuke hewa iliyomo katika dumu hilohilo likiwa tupu jikoni kwako: molekuli zake huandikwa kwa tarakimu 24. Wingu ambalo wanaastronomia huliita zito ni tupu kuliko ombwe linalopatikana katika maabara nyingi duniani. Na ndani ya umati huo, pamoja na heliamu na gesi nyingine kidogo, ungekuta H₃⁺ moja. Moja tu. Ni protoni tatu zilizokaa pembetatu, na elektroni mbili za kuzishikilia zisitawanyike.

Moja kwa lita 10. Mwenye haraka angesema hiyo si kitu. Lakini Takeshi Oka, mwanakemia aliyeishughulikia ioni hii kwa zaidi ya miaka 40, ameeleza mara nyingi jambo ambalo tangu nilisome halijaniacha: ukiondoa hidrojeni ya kawaida yenyewe, hakuna molekuli inayotengenezwa kwa wingi katika mawingu hayo kuliko hii. Inatengenezwa mno na inaonekana kwa nadra, kwa sababu haikai. Ikikutana na karibu kila atomu au molekuli isiyo hidrojeni au heliamu, huiachia protoni moja na kurudi kuwa hidrojeni ya kawaida. Protoni hiyo iliyoachwa ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya kemia inayoendelea kati ya nyota.

Tukitaka kujua ukubwa wa jambo, desturi yetu ni kuhesabu kilichopo: watu wangapi, ng'ombe wangapi, shilingi ngapi. H₃⁺ haipimiki hivyo. Ukiihesabu leo utaona moja, na kazi yake yote iko katika zile ambazo zimekwisha kuwa kitu kingine. Kuna wanasayansi waliochagua kuitafuta, wakitumia miaka ambayo wangeweza kuitumia kwa vitu vinavyoonekana kirahisi zaidi. Nawaheshimu sana, na nadhani kisa chao kinastahili kusimuliwa kwa Kiswahili.

Kemia tuliyofundishwa shuleni ni kemia ya joto. Unawasha jiko la spiriti, unapasha testi tyubu, rangi inabadilika. Hata tusipowasha moto, joto la chumba linafanya kazi hiyo bila kutuambia: molekuli zinagongana kwa nguvu ya kutosha kulegeza vifungo vya zamani ili vipya vifungwe. Katika mawingu ya kati ya nyota joto hushuka hadi nyuzi 263 chini ya sifuri. Hapo molekuli mbili za kawaida zikikutana huachana kama zilivyokuwa. Ndiyo maana kwa muda mrefu wataalamu wengi hawakutarajia kemia yoyote ya maana huko. Kati ya mwaka 1937 na 1941 zilitambuliwa CH, CN na CH⁺ katika mwanga wa nyota uliopita kwenye gesi nyembamba, kisha kwa zaidi ya miaka 20 haikuongezeka hata moja. Darubini za redio ndizo zilizovunja ukimya huo. Mwaka 1968 ilipatikana amonia, mwaka uliofuata maji na formaldehaidi, na mwaka 1970 monoksidi ya kaboni. Sasa swali likawa zito: kwa baridi ya namna hiyo, vitu hivi vinatengenezwaje?

Mwaka huohuo wa 1970, David Buhl na Lewis Snyder, wakitumia darubini ya redio ya Kitt Peak huko Arizona, walinasa mawimbi yenye nguvu kwenye masafa ya gigahezi 89.2. Hayakulingana na molekuli yoyote iliyokuwa imepimwa duniani, kwa hiyo wakampa mtoaji wake jina la muda, X-ogen. William Klemperer, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa jibu ambalo wengi waliliona la ujasiri kupita kiasi: hiyo ni HCO⁺, yaani monoksidi ya kaboni iliyobandikwa protoni. Hakuna aliyekuwa amewahi kupima masafa ya HCO⁺. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1975, R. Claude Woods na wenzake wa Wisconsin walipoitengeneza maabarani, wakapima, na namba zikakubaliana. Katikati ya miaka hiyo mitano, mwaka 1973, Klemperer na Eric Herbst kwa upande mmoja, na William Watson kwa upande wake, walikuwa wameshaandika jinsi kemia nzima ya mawingu inavyoweza kwenda bila joto. Katika maelezo yao H₃⁺ ndiyo iliyokuwa nguzo. Hakuna aliyekuwa ameiona angani.

Maelezo hayo yanafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu uzuri wake uko kwenye muda.

Yote huanza na miale ya kosmiki, chembe za kasi kubwa mno ambazo hupenya hata ndani ya wingu ambalo mwanga wa nyota hauwezi kuingia. Chembe moja ikipita karibu na molekuli ya hidrojeni, huing'oa elektroni. Tukio hilo ni la nadra ajabu. Ukichagua molekuli moja ya hidrojeni katika wingu zito na kuisubiri ipigwe, utasubiri kwa wastani kama miaka bilioni 3. Mawingu yenyewe hayaishi hivyo. Baada ya miaka milioni kadhaa, au makumi ya milioni, huwa yametawanyika au yamezaa nyota. Maana yake molekuli nyingi mno hupitia maisha yote ya wingu bila kuguswa, na kemia inaendeshwa na zile chache zilizoguswa.

Iliyoguswa haichelewi. Kabla ya siku kwisha huwa imekutana na hidrojeni nyingine, imeinyang'anya atomu moja, na H₃⁺ imezaliwa. Joto halihitajiki hapa, maana ioni ina chaji na chaji humvuta jirani kutoka mbali; zikishakaribiana hakuna kizuizi cha nishati cha kuvuka. Kuanzia hapo H₃⁺ inazurura. Karibu kila siku inagongana na hidrojeni, zinabadilishana protoni, na hakuna kinachobadilika, kwa kuwa kinachotoka ni H₃⁺ tena. Huweza kuendelea hivyo kwa miaka kumi au zaidi hadi siku inapokutana na monoksidi ya kaboni. Protoni inahama, na HCO⁺ ya Klemperer inapatikana. Ikikutana na atomu ya oksijeni hufungua mlolongo mwingine: OH⁺, halafu H₂O⁺, halafu H₃O⁺, na mwishoni elektroni iliyokuwa ikipita inanaswa na yanabaki maji.

Ni kweli kwamba maji mengi ya mawinguni hutengenezwa kwa njia tofauti, juu ya chembe za vumbi, kama barafu. Lakini hata huko H₃⁺ imeacha alama. Katika baridi kali huwa na tabia ya kutoa protoni moja na kuchukua mahali pake kiini cha deuteri, ile hidrojeni nzito, kisha kuigawa kwa wengine. Ndiyo maana maji yaliyozaliwa katika baridi hiyo yana hidrojeni nzito kupita kawaida. Maji ya bahari zetu nayo yanayo, kwa kiwango kinachozidi mara sita kile cha gesi iliyounda Jua. Mwaka 2014 kikundi kilichoongozwa na Ilsedore Cleeves kilipiga hesabu na kuonyesha kwamba diski ya gesi na vumbi iliyolizunguka Jua lilipokuwa changa haikuwa na uwezo wa kuzalisha wingi huo peke yake. Sehemu ya maji yaliyomo katika mfumo wetu wa Jua imelitangulia Jua lenyewe kuzaliwa. Anayeoga pwani ya Tanga au Lamu anaoga kwa sehemu maji ambayo historia yake ilianzia gizani, katika baridi ambayo hakuna kiumbe hai angeweza kuistahimili. Mimi hili linanigusa kuliko habari nyingi za anga zinazotangazwa kwa picha za kung'aa.

Turudi kwenye kuitafuta. Mtu wa kwanza kukutana na H₃⁺ alikuwa J. J. Thomson wa Cambridge, yuleyule aliyegundua elektroni. Mwaka 1911, akichunguza gesi ndani ya mirija ya kupitishia umeme, aliona chembe yenye uzito wa hidrojeni tatu na chaji moja. Kwa hiyo ioni hii inajulikana maabarani tangu babu zetu hawajaona redio. Lakini kuipima uzito ni jambo moja, na kuiona mwanga wake ni jingine kabisa, na bila kujua mwanga wake huwezi kuitambua angani, ambako hakuna mzani. Tena H₃⁺ ni ngumu kuonekana kwa sababu ya umbo lake. Pembetatu yake ina pande zilizo sawa kabisa, kwa hiyo haina upande wenye chaji zaidi ya mwingine, na isiyo na upande haitoi mawimbi ya redio ya kutegemewa. Mwanga unaoonekana kwa macho nao haumo. Ukijaribu kuisukuma elektroni yake juu, molekuli inavunjika. Unabaki mlango mmoja, mionzi ya infraredi, inayotokana na mtetemo wa pembetatu yenyewe.

Oka aliamua kuupita mlango huo. Alizaliwa Tokyo mwaka 1932, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na katika miaka ya 1960 akahamia Ottawa kufanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Huko alikuwepo Gerhard Herzberg, bingwa wa spektra aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1971, ambaye naye alikuwa ameisaka H₃⁺ bila kuipata. Oka alianza mwaka 1975. Alichukua mrija wa kioo wenye urefu wa karibu mita mbili, akaujaza hidrojeni kidogo, akaupitishia umeme na kuupoza kwa nitrojeni ya kimiminika. Kisha akachanganya miale ya leza mbili ndani ya fuwele ili apate mwale wa tatu, wa infraredi, ambao angeweza kuusogeza taratibu kutoka urefu mmoja wa wimbi hadi mwingine. Mwale huo ukapitishwa ndani ya mrija, ukaenda na kurudi mara nyingi, yeye akitazama kama kuna mahali unapofifia hata kidogo.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Hesabu za nadharia za wakati huo hazikuweza kumwambia mistari ya H₃⁺, yaani mahali hapo pa kufifia, iko wapi hasa. Zilimwonyesha eneo tu, na eneo lenyewe lilikuwa pana. Kila mstari ni mwembamba sana. Kuupita bila kuuona ni rahisi, na hakuna wa kukuambia umeupita. Leza za aina hiyo zilikuwa changa na zenye kusumbua. Miaka ilipita hadi mwaka 1980 mistari ilipojitokeza. Mwenzake wa Ottawa, James Watson, bingwa wa nadharia na si yule Watson wa mwaka 1973, alisoma mpangilio wake na kuthibitisha kwamba ni pembetatu ya hidrojeni. Oka aliitangaza mwaka huo, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Chicago kuwa profesa wa kemia na wa astronomia. Mara moja akaanza kuitafuta angani, pamoja na mwanaastronomia Thomas Geballe. Mara moja, lakini hawakuipata. Walitafuta mwaka baada ya mwaka.

Kwanza kabisa ikajitokeza mahali ambapo si wao waliokuwa wakipatazama. Mwaka 1988 Pierre Drossart, Jean-Pierre Maillard na wenzao walikuwa juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, wakichunguza hidrojeni kwenye aurora, yaani mwanga wa angahewa ya nchani, ya sayari ya Mshtarii. Walipata mistari mikali wasiyoitarajia. Ni Watson yuleyule wa Ottawa aliyeitambua: H₃⁺, na habari ikatangazwa mwaka 1989. Ulikuwa mwanga wa kwanza wa ioni hii kutambuliwa nje ya dunia yetu.

Kwenye Mshtarii chanzo si miale ya kosmiki. Uga wa sumaku wa sayari hiyo hushusha elektroni nyingi kwenye ncha zake, na elektroni hizo hupiga hidrojeni ya angahewa ya juu. Kinachofuata ni kilekile cha mawinguni, isipokuwa kwa kasi na kwa joto. Na hapa pana bahati ambayo wanaastronomia wanaishukuru mpaka leo. Chini ya tabaka hilo kuna methani, ambayo hunyonya mwanga wa Jua kwenye urefu wa wimbi uleule ambao H₃⁺ hung'aa. Ukiipiga picha Mshtarii kwa mwanga huo, sayari yote inakuwa nyeusi na ncha zake mbili zinawaka. Mwaka 1993 Jack Connerney na wenzake walionyesha hata doa dogo la mwanga mahali ambapo umeme unaotoka kwenye mwezi wake, Io, unatua. Chombo cha Juno kilichofika huko mwaka 2016 kinabeba kamera ya Kiitaliano inayotazama aurora hizo kwa mwanga wa H₃⁺. Aidha mwanga huo unaondoa joto: H₃⁺ ikimulika inaipoza angahewa ya juu. Kwa hiyo ioni ambayo haidumu inasaidia kuamua sayari kubwa kuliko zote ina joto gani juu ya mawingu yake.

Zohali na Uranusi zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye Zohali, mwaka 2013, James O'Donoghue na wenzake walitangaza kwamba mwanga wa H₃⁺ una mikanda inayong'aa na kufifia ikifuata mpangilio wa pete. Maji yenye chaji yanatiririka kutoka kwenye pete kufuata uga wa sumaku na kuingia kwenye angahewa, na yakifika yanabadilisha hesabu ya H₃⁺. Pete za Zohali zinanyesha, na ioni hii ndiyo iliyotoa ushahidi.

Mawingu ya kati ya nyota yalikubali mwaka 1996. Kwa darubini ya infraredi ya Uingereza iliyoko Mauna Kea, Geballe na Oka walielekeza macho yao kwenye nyota changa mbili zilizozama ndani ya gesi nzito, GL2136 na W33A. Mwanga wa nyota hizo, ukipita kwenye wingu, ulipaswa kupungua mahali pawili palipokaribiana sana, karibu na mikroni 3.67. Mwezi wa Aprili waliona upungufu mdogo. Upungufu mdogo katika infraredi ni wa kutiliwa shaka, kwa sababu hewa yetu wenyewe ina mistari tele ya kupotosha. Walirudi mwezi wa Julai. Kati ya Aprili na Julai Dunia ilikuwa imesogea kwenye njia yake kuzunguka Jua, na mwendo wake kuelekea nyota zile ulikuwa umebadilika. Mstari unaotoka kwenye hewa yetu usingehama. Wa kwenye wingu ungehama kwa kiasi kinachojulikana. Ulihama, kwa kiasi kilekile. Tangu mrija wa Thomson ilikuwa imepita miaka 85.

Kiasi walichopima kilikubaliana na hesabu za mwaka 1973, na wangeweza kuishia hapo. Haikuishia hapo. Mwaka 1998 kikundi kilekile kiliipata H₃⁺ mahali ilipokuwa haitarajiwi, katika gesi nyembamba ambako mwanga wa nyota hupita na elektroni ni nyingi. Elektroni ndiyo muuaji mkuu wa ioni hii. Zikikutana, pembetatu inasambaratika. Sasa inasambaratika kwa kasi gani? Maabara za dunia zilikuwa zimebishana juu ya swali hilo kwa miongo kadhaa, majibu yakitofautiana mara maelfu. Benjamin McCall, aliyekuwa mwanafunzi wa Oka, alilipeleka swali hilo Stockholm kwenye mashine inayozungusha ioni ndani ya bomba la duara, akiziandaa ziwe baridi kama zilivyo angani. Mwaka 2003 matokeo yalitangazwa pamoja na kipimo cha H₃⁺ kuelekea nyota ya Zeta Persei. Muuaji alikuwa na kasi kweli, na bado ioni ilikuwepo kwa wingi. Maelezo yaliyobaki ni kwamba inazaliwa haraka kuliko ilivyodhaniwa: upande ule miale ya kosmiki ilikuwa ikifanya kazi mara 40 zaidi ya makadirio ya kawaida. Kipimo cha bomba la Sweden kilikuwa kimesahihisha idadi ya chembe zinazopita kati ya nyota. Nimekisoma kisa hiki mara kadhaa na kila mara nashangazwa na jinsi mlolongo huo ulivyo mrefu na usivyokatika.

Miaka ya mwisho ya kazi yake Oka aliielekeza kwenye kitovu cha galaksi yetu. Kuanzia mwaka 2005, na kwa maelezo marefu zaidi mwaka 2019, yeye na wenzake walionyesha kwamba eneo hilo, lililo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 26,000, limejaa gesi nyembamba yenye joto kiasi, na kwamba miale ya kosmiki huko inapiga hidrojeni kwa kasi inayozidi ile ya mawingu mazito ya jirani zetu mara elfu na zaidi. Kitovu hicho hakionekani vizuri kutoka Chicago au Tokyo. Kwao kiko chini, karibu na upeo wa macho. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki, mwezi wa Julai au Agosti kati ya saa tatu na saa tano usiku, kinapita juu kabisa, pale Njia Nyeupe inapokuwa nene kuliko kwingine. Na mawingu meusi yako pande zote. Moja lililochunguzwa sana liko upande wa Kilimia, nyota ambazo wakulima na mabaharia wa pwani wamezipimia misimu tangu zamani. Katika wingu hilo, miaka ya 1970, Oka alishiriki na Harry Kroto wa Sussex na wenzao wa Kanada kugundua minyororo mirefu ya kaboni. Udadisi huohuo ndio uliomfikisha Kroto mwaka 1985 kwenye mpira wa atomu 60 za kaboni, na kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Ilibaki Neptuni. Tangu chombo cha Voyager 2 kiipite mwaka 1989, watafiti waliitafuta H₃⁺ huko kwa darubini kubwa kuliko zote za ardhini, mara nyingi, bila kuona kitu. Mshtarii, Zohali na Uranusi zote zilikuwa nayo. Kwa nini Neptuni ikose? Mwaka 2025 Henrik Melin na wenzake walitangaza jibu, kutokana na vipimo vya darubini ya anga ya James Webb vya mwaka 2023. Ipo. Angahewa ya juu ya Neptuni imepoa kwa mamia ya nyuzi tangu Voyager ilipopita, na ioni iliyo baridi hung'aa kwa unyonge mno. Miaka 30 ya kutoona kitu ilikuwa kumbe ni kipimo cha joto.

Nina ombi kwa walimu wa kemia wa sekondari. Katika mada ya hidrojeni tunawafundisha wanafunzi kukusanya gesi hiyo, kuisogezea kijiti kinachowaka na kusikia mlio wake. Ni jaribio zuri na libaki. Lakini hidrojeni ni karibu robo tatu ya uzito wa maada yote ya kawaida iliyopo, na sehemu kubwa mno ya hiyo haijawahi kukaribia moto wa kijiti. Waandikieni ubaoni mistari miwili: hidrojeni iliyopoteza elektroni ikikutana na hidrojeni nyingine hutoa H₃⁺; H₃⁺ ikikutana na monoksidi ya kaboni hutoa HCO⁺. Kisha waambieni miaka mingapi hupita kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Haihitaji kifaa chochote cha maabara, na dakika kumi za kipindi zinatosha.